Mwaka Tuliojiandikisha Nakonde

Simu ililia Jumanne asubuhi nikiwa nachuja maziwa. Alikuwa Lusekelo, mtoto wa Yusta. Alisema, "Mama mdogo, mama ametutoka," kisha kabla sijapata la kusema akanipa ratiba: mwili unatoka Vwawa Jumatano jioni, maziko Isansa Alhamisi saa nane mchana. Nilikwenda. Nilikaa na wanawake kwenye mkeka upande wa jikoni, nikamenya viazi nilivyopewa, na muda ulipofika tukasogea uwanjani kumsikiliza Lusekelo akisoma wasifu wa marehemu. Alisoma vizuri, hakutetemeka. Akafika penye kazi: marehemu alifanya kazi katika ghala la nafaka Tunduma kwa miaka kumi na minane, "kwa uaminifu, na bila tatizo lolote na mwajiri wake." Nikainamisha kichwa haraka. Mama aliyekuwa kando yangu alinishika bega akidhani nalia, nikamwacha adhani hivyo, maana kucheka msibani ni aibu na maelezo yake yangekuwa marefu. Simlaumu kijana. Wasifu hauandikwi kwa ajili ya matatizo, na tatizo lenyewe lilipotokea yeye alikuwa na miezi mitatu, amefungwa mgongoni, na saa ile iliyokuwa muhimu kuliko zote alikuwa amelala fofofo. Lakini wakati wa kurudi, gari liliposimama Nanyala kushusha watu, niliamua kwamba nitauandika mwaka ule kama nilivyouona. Waliobaki wanaoujua si wengi, na mmoja wao ni mimi, ambaye mwanzoni sikufanya vizuri hata kidogo.

Nilifika Tunduma mwezi wa tano, nikiwa na miaka ishirini na mbili, cheti cha kidato cha nne na begi moja. Mkoa wa Songwe ulikuwa haujazaliwa. Tulikuwa Mbeya, na kila jambo zito lilipaswa kusafirishwa hadi Mbeya mjini ndipo lipate mtu wa kulisikiliza. Yusta alinizidi miaka saba. Tulijuana kanisani, nami nilimwita dada tangu siku ya kwanza. Alinipokea chumbani kwake Chapwa bila kuniuliza nitakaa mpaka lini. Kilikuwa chumba kimoja: kitanda cha futi nne tulicholala wawili, yeye upande wa ukutani kwa sababu ya mimba, jiko la mkaa, ndoo mbili, na kitenge kilichofanywa pazia. Baba wa mtoto alikuwa dereva wa malori, na habari zake za mwisho zilitoka Kapiri Mposhi. Ukuta uliotutenga na jirani ulikuwa wa mbao na haukufika juu, kwa hiyo tuliishi na Baba Zuhura na mkewe kama watu wa nyumba moja. Baba Zuhura alikuwa mtu wa Kigoma, mwenye swala zake tano, karani katika ofisi ya kutoa mizigo forodhani. Ijumaa mkewe alipika pilau, na sisi tulisonga ugali, tukaula kwa kapenta, wale dagaa wa Zambia, huku tukivuta harufu ya jirani. Yusta alisema harufu ni haki ya wote. Maharage hatukupika hata siku moja. Mtu anayeyatazama maharage kutwa nzima, alisema, hawezi tena kuyatazama kwenye sahani.

Ni yeye aliyenipeleka ghalani. Ghala lilikuwa mpakani kabisa, na kazi yake ilikuwa kununua maharage ya Mbozi na Ileje, kuyachambua na kuyapakia. Mwenye mali tulimwita Tajiri tu, na tulimwona mara moja kwa mwezi, akishuka garini na kupanda tena. Aliyetutawala alikuwa nyapara, Mzee Sikazwe, mtu mrefu, mkimya, mwenye koti la kijivu alilolivaa hata jua likiwaka. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza kama nimesoma. Nilipomwambia kidato cha nne, akanipa kipande cha karatasi. "Andika jina lako tuone." Nikaandika: Edina Siwale. Akaitazama ile karatasi muda mrefu kuliko jina langu linavyohitaji, kisha akasema, "Mwandiko wa kanisani huu. Kesho uje." Wiki mbili baadaye nilitolewa kwenye maharage nikawa karani. Kila asubuhi wanawake thelathini walipanga mstari langoni, nami niliwaandika mmoja mmoja kwenye daftari la mahudhurio: jina, tarehe, na maneno "kibarua wa leo". Jioni nilipiga mstari mwekundu chini yao, na kesho yake tukaanza upya kana kwamba hatujawahi kuonana. Yusta alikuwa na zaidi ya miaka miwili pale, na kila asubuhi alikuwa anaajiriwa kwa mara ya kwanza. Wakati ule sikuona ajabu yoyote. Niliona daftari safi. Jioni nilikwenda nalo nyumbani kupiga mistari ya kesho yake kwa rula, kwa sababu ghalani hapakuwa na meza ya kuandikia, na Yusta alikuwa akinitania kwamba nampenda Tajiri kuliko Tajiri anavyojipenda.

Sasa nieleze jambo ambalo nadhani linawezekana mpakani tu. Nyuma ya ghala kulikuwa na kichochoro cha upana wa mkokoteni, na ng'ambo ya kichochoro ilikuwa Nakonde, nchi nyingine. Tajiri alikuwa na ua huko, kwa jina la shemeji yake. Langoni kwetu ilining'inizwa ringi ya lori, na kazi ya karani, mbali na daftari, ilikuwa kuangalia barabara. Mtu wa serikali akionekana kwenye kona, nagonga ringi mara tatu kwa nondo. Wanawake wanaweka nyungo chini, wanajipangusa, wanavuka kichochoro wawili wawili wakiongea kama watu waendao sokoni. Mimi navuka mwisho. Ng'ambo alikuwapo bibi mlinzi wa ule ua, Mbemba kwa kabila, ambaye kwa lugha yake alitukaribisha tukae, kwa heshima kila mara kama wageni wapya: "Mwaiseni, bamayo, ikaleni, ikaleni." Tukakaa. Kulikuwa na daftari jingine kule. Mzee Sikazwe aliniambia ni kwa ajili ya watu wa uhamiaji, tusije tukasumbuliwa: niandike jina la kila mtu, kwenye kazi niandike "mchambuaji", kwenye makazi niandike "Nakonde", kisha kila mmoja aweke saini au dole gumba. Niliandika yote kwa mkono wangu, kwa uangalifu uleule.

Hakuna aliyetushikia fimbo. Tuliambiwa kwamba afisa kazi akitukuta atalifunga ghala na vibarua vyetu vitaota nyasi, tukaamini, kwa hiyo tulimkimbia kama vifaranga wanavyomkimbia mwewe. Na niseme ukweli, tulipenda. Ule ua ulikuwa na kivuli na mabenchi. Migongo ilinyooka. Bibi alituuzia chikanda, ile keki ya mizizi ya porini na karanga, tukala tukisimuliana habari za waume na za kwaya. Mama mmoja wa Ileje, mcha Mungu sana, aliomba kwa sauti kwamba Bwana atuletee maafisa japo mara mbili kwa wiki. Tulicheka mpaka tukashikana. Nami nilijivunia jicho langu. Watu wa serikali niliwajua kwa viatu vyenye vumbi la barabara kuu na bahasha ya kaki kwapani, na hakuna hata mmoja aliyenipita. Leo nikisikia watu wanasema wafanyakazi wa siku hizi hawajui haki zao, nakumbuka kile kichochoro. Sisi si kwamba hatukujua tu; haki ilipokuja kututafuta kwa miguu, mimi ndiye niliyekuwa natoa ishara tuikimbie.

Yusta alizijua haki zake kupitia ukuta ule wa mbao. Ilikuwa jioni mapema, mwanzoni mwa mwezi wa sita, baridi ya Mbozi ikianza kuuma, yeye kakaa kitandani miguu ikiwa ndani ya ndoo ya maji ya chumvi kwa sababu ilivimba. Upande wa pili Baba Zuhura alikuwa anamweleza mkewe habari za mdogo wake aliyeachishwa kazi huko Kigoma. "Sheria ya sasa si ile ya zamani," alisema. "Hata mwanamke, akijifungua ana siku themanini na nne, na kazi yake inamngoja palepale alipoiacha." Mkewe akauliza, "Hata kibarua?" Akacheka. "Mama Zuhura, kibarua wa miaka miwili ni kibarua? Huyo ni mwajiriwa, ila hajaambiwa." Yusta alininyooshea mkono nisikoroge sufuria. Tukakaa kimya mpaka ugali ukashika chini, na yeye, ambaye kwa kawaida angenigombeza, alikula ule ugali ulioungua wote. Kesho yake akamwendea Mzee Sikazwe. Mimi nilikuwa pale na daftari langu.

"Mzee, nikishajifungua nitarudi mezani kwangu?"

"Yusta, mimi nikuzuie? Kazi ziko langoni kila siku. Ukija, utaandikwa."

Ile meza ndiyo aliyoitaka, na msomaji aelewe kwa nini. Wengine wote tulichambua tukiwa tumekaa chini kwenye sakafu ya saruji, vumbi la maharage usoni, kifua kinawasha mpaka usiku. Meza ya mwisho ilikuwa karibu na mlango, penye hewa, na benchi. Aliyekaa pale aliyapitia maharage ya wote kabla hayajaingia kwenye magunia, na Yusta alikuwa amefika pale kwa miaka miwili ya macho yake. Mwenye mtoto mchanga angeweza kufanya kazi pale na kunyonyesha. Sakafuni asingeweza; akina mama wawili waliojaribu kabla yake waliacha baada ya wiki moja, watoto wakikohoa. Kwa hiyo swali lake lilikuwa moja tu: je, ile meza ni yake, au ni ya yeyote atakayeamka mapema?

Mwishoni mwa mwezi wa sita alikwenda kwao Isansa kujifungua. Alizihesabu zile siku themanini na nne kwenye kalenda ya ukutani, akarudi mwishoni mwa mwezi wa tisa, Lusekelo mgongoni, mnene, amevalishwa kofia ya sufu ya njano. Alikuja langoni amevaa gauni lake zuri. Nilimwona kwenye mstari nikafurahi, nikawa nimeshaandika herufi mbili za jina lake, ndipo Mzee Sikazwe akaweka kidole kwenye daftari. "Zimejaa," akasema. Mezani alikuwa ameshakaa binti mwingine. Yusta alikuja tena kesho yake, na kesho kutwa, na siku ya saba Mzee Sikazwe akamwambia asipange mstari tena, Tajiri hataki watoto langoni.

"Mzee, mimi nafuata kazi yangu."

"Kazi yako ipi? Lete barua ya ajira tuione."

Alinitazama mimi. Nilikuwa nimeshika kalamu, na nikaendelea kumwandika mama aliyekuwa nyuma yake. Niliona aibu iliyonichoma masikio. Jioni ile nilipofika chumbani nilikuta amenipikia.

Siku mbili tatu baadaye akaniambia anampeleka mtoto kliniki Vwawa. Alirudi jioni amechoka, viatu vimejaa vumbi, akanywa maji vikombe vitatu. Sikumuuliza kliniki gani inayompa mama na mtoto sura ya watu waliotoka Mbeya. Kisha Alhamisi iliyofuata, kabla ya saa sita, nikamwona mtu kwenye kona: shati jeupe, bahasha ya kaki, anauliza njia kwa muuza mahindi. Nikachukua nondo nikagonga mara tatu. Ilikwenda vizuri kuliko siku zote. Wanawake walivuka bila hata kikohozi, bibi akatukaribisha, nikaandika majina, madole gumba yakapigwa. Tulipoitwa kurudi, Mzee Sikazwe alinitumia soda ya baridi. Alisema nina macho ya mwewe. Niliinywa yote.

Chumbani nilikuta Yusta amepika wali. Si kawaida, wali siku ya Alhamisi, na mboga ya majani iliyoungwa kwa karanga. Alikuwa ananisubiri mlangoni, mtoto kiunoni, anacheka kabla sijavua viatu.

"Enhe! Afisa wangu amefika?"

"Afisa gani, dada?"

"Mdogo wangu, si nilikwenda Mbeya! Nilieleza yote. Akasema Alhamisi anakuja mwenyewe, anawakuta wote kazini, anawauliza, basi. Shati jeupe." Akaniangalia. Kicheko kikaanza kumtoka usoni. "Edina. Niambie hukuigonga ile ringi."

Nikainama kuvua viatu. Akakaa kitandani.

"Ungeniambia," nikasema mwishowe. "Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambiaje? Unalala na daftari lao chini ya mto."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alinipakulia wali, akampakata mtoto akageukia ukutani. Hata sasa, miaka yote hii, nikipewa wali na mboga ya karanga nautazama kwanza. Upande wa pili wa mbao palikuwa kimya, jambo lililoonyesha kwamba walikuwa wamesikia kila kitu.

Afisa aliandika kwamba alikuta ghala tupu. Hakukata tamaa lakini. Alimsaidia Yusta kujaza fomu, na shauri likapelekwa kwa msuluhishi, Mbeya, tarehe ya katikati ya mwezi wa kumi. Yusta alihitaji shahidi. Aliwauliza akina mama wanne, wote wakampa pole na hakuna aliyempa jibu. Mimi hakuniuliza. Tuliishi hivyo siku kadhaa, tukisaidiana maji na mkaa kama kawaida, tukiongea habari za mtoto tu. Siku ya Ijumaa nilimkuta Baba Zuhura anatawadha uani, nikamsubiri amalize, nikamuuliza kama mtu akimtolea mwenzake ushahidi anaweza kufukuzwa. Alijipangusa miguu polepole. "Una muda gani hapo?" Nikamwambia miezi mitano. "Basi nisikudanganye, binti yangu. Chini ya miezi sita, wakikuondoa hutapata pa kushika. Subiri mwezi mmoja, useme ukiwa na kinga." Shauri lilikuwa Jumatano. Akaniona uso, akaongeza, "Lakini wahenga nao walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni." Nikamjibu kwa hasira kwamba wahenga hawakuwa wanalipa kodi ya chumba Chapwa. Akacheka, akaenda msikitini.

Ningependa kuandika kwamba niliamua kwa sababu ya upendo. Niliamua kwa sababu ya ile soda. Kila nilipoikumbuka, jinsi nilivyoinywa mpaka mwisho nikatikisa chupa, nilijichukia kiasi cha kushindwa kukaa. Jumatano alfajiri Yusta alipokuwa anamfunga mtoto mgongoni, nami nikavaa. Akaniuliza nakwenda wapi. Nikamwambia, "Kliniki." Alinitazama, akanipa kofia ya njano nimvalishe mtoto.

Msuluhishi alikuwa mama wa makamo, mwenye chupa ya chai mezani na miwani iliyofungwa uzi. Chumba kilikuwa kidogo, kimepakwa rangi ya kijani nusu ukuta, viti vinne. Tajiri hakuja. Alikuja Mzee Sikazwe, koti lilelile la kijivu, na mkononi amebeba daftari la Nakonde. Aliponiona hakushangaa, alinisogezea kiti. Alipoambiwa aseme, alisema maneno ambayo ni dhahiri aliyakariri: ghala la Tunduma halina wafanyakazi wa kuchambua, kazi hiyo inafanywa na watu wa ng'ambo, na huyu mama anayelalamika ni mmoja wao. Akafungua daftari. Yusta Nzowa, mchambuaji, makazi Nakonde, mara mbili, na dole gumba lake la wino wa bluu. Yusta alilitazama dole lake kana kwamba ni la mtu mwingine. Hapo ndipo nilipoelewa. Hakukuwa na watu wa uhamiaji. Tulikuwa tumemtengenezea Tajiri ushahidi, kila tulipokula chikanda, na mwandishi nilikuwa mimi.

"Na wewe binti?" msuluhishi akauliza. "Wewe ni nani kwake?"

Nikasimama ingawa hakuniambia nisimame. "Mheshimiwa, mimi ni karani wa ghala. Ndimi ninayegonga ringi watu wakimbie. Afisa wenu alipokuja, nilimkimbiza mimi."

Mzee Sikazwe akasema taratibu, "Edina," si kwa ukali, kama baba anayemwita mtoto aliyesogea barabarani.

Nikaeleza kichochoro, bibi, mabenchi. Kisha nikatoa kwenye mkoba daftari la mahudhurio la Tunduma, ambalo nilikuwa nalo nyumbani kwa ajili ya mistari, nikaliweka kando ya lile la Nakonde. Siku ambayo la Nakonde lilimwonyesha Yusta ng'ambo, la Tunduma lilimwonyesha kaandikwa langoni asubuhi yake. Msuluhishi akavuta miwani. Akaangalia huku, akaangalia kule. Akanipa karatasi. "Andika: Yusta Nzowa, mchambuaji." Nikaandika. Herufi zilikuwa zilezile. Mwandiko ule wa kanisani hauwezi kujificha. Akayaweka maandishi yote matatu pamoja, akamgeuzia Mzee Sikazwe.

"Mzee wangu, huyu karani anaishi nchi mbili?"

Mzee Sikazwe aliangalia yale maandishi kama alivyoliangalia jina langu siku ya kwanza. "Mimi natumwa tu, Mheshimiwa," akasema. "Nami nina tajiri." Msuluhishi akamwambia kwamba kumbukumbu za kazi ni wajibu wa mwajiri kuzileta, na zikifika nchi mbili kwa mkono mmoja, itabidi mwajiri aje mwenyewe kuzieleza mbele ya ngazi ya juu. Mzee Sikazwe akatoka nje kumpigia Tajiri simu. Alikaa huko muda wa kumnyonyesha mtoto akashiba na kulala. Aliporudi alikuwa amekubali: Yusta anarudi kwenye meza yake, na wanawake wote wanapewa mikataba ya maandishi kabla ya mwezi kwisha. Sote tukatia saini, Yusta dole lake. Nikauliza, "Na mimi je?" Msuluhishi alinijibu vilevile kama Baba Zuhura, kwa maneno ya ofisini, akanimiminia chai kwenye kifuniko cha chupa yake.

Mikataba ilitolewa Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa kumi, mchana, uwanjani. Mzee Sikazwe alikuwa na rundo la karatasi na muhuri aliokabidhiwa kwa ajili ya siku hiyo. Aliita majina, akina mama wakachukua, wakapiga dole, wakapiga vigelegele. Jina langu halikuitwa. Mlinzi wa lango alikuwa ameshaniambia sina kazi tena, nibaki nje ya uzio wa wavu, nami nilikuwa nimesimama pale na kitambaa changu cha kichwa mkononi, nikijifanya nasubiri mtu. Roho iliniuma. Nilikuwa nimejiandaa kwa siku ile na bado iliniuma. Yusta alipopewa karatasi yake hakupiga dole. Alikuja nayo moja kwa moja kwenye wavu, akaipitisha upande wangu.

"Nisomee."

"Dada, wanakuangalia. Piga dole uende mezani."

"Nisomee yote."

Nikasoma. Jina, kazi, saa za kazi, mapumziko, likizo, likizo ya uzazi. Nikafika kwenye tarehe ya kuanza kazi, nikaisoma mara mbili. Ilikuwa tarehe ya siku ile. Kwa karatasi ile, Yusta alikuwa hajawahi kuliona lile ghala kabla ya asubuhi ya Ijumaa ile. Angeweza kuondolewa kesho yake kama mimi. Nilimweleza. Alirudi na karatasi mpaka kwa Mzee Sikazwe, akaiweka juu ya rundo, akasema kwa sauti iliyofika nje ya wavu kwamba yeye alianza mwezi wa tatu, mwaka juzi, wiki ya Pasaka, na kwamba hapigi dole kwenye uongo. Akina mama waliokwisha kupiga wakazitazama zao. Mmoja akauliza, "Na yangu imeandikwaje?" Kelele zikaanza. Mzee Sikazwe akaivuta ile karatasi kwake. Kisha akaikata ile tarehe, akaandika nyingine juu yake, akagonga muhuri. Yusta akapiga dole. Wengine wakapanga mstari upya, na zile karatasi zote thelathini zikakatwa, zikaandikwa, zikagongwa, nami nikawasomea tarehe mmoja mmoja kupitia wavu mpaka jua likashuka, mtu asiye na kazi, nikifanya kazi.

Walipokwisha kuingia ndani, Mzee Sikazwe alikuja kwenye wavu peke yake. Nikamwamkia, akaitikia. Akatazama barabarani, akatazama ghalani, kisha akaingiza mkono ndani ya koti akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Miwani nimeisahau nyumbani," akasema. Sikuwahi kumwona na miwani. "Hebu nisomee na hii. Hapo pa tarehe."

Nikaikunjua. Ulikuwa mkataba wake mwenyewe, na tarehe ya kuanza kazi ilikuwa ya siku ileile. Nikamuuliza ana muda gani pale ghalani.

"Mwaka wa kumi na moja."

Akanyoosha mkono kupitia wavu, akaniomba kalamu.